Akili unde katika utafiti wa tiba: jinsi ya kupata washiriki Uganda na kubaki nao hadi tarehe ya mwisho

Mama mmoja Mkongo alikuja kupima presha kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, kwenye makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Tulipomuuliza historia yake, akafungua kitambaa alichofungia hela na kutoa daftari la shule, la mistari, limechakaa pembe zote. Humo mlikuwa na miaka sita ya afya yake: vipimo vya presha kwa kalamu za rangi tatu, jina la dawa iliyomvimbisha miguu, mimba iliyoharibika, muhuri wa kila kituo alichopita. Kompyuta yetu ilikuwa na mstari mmoja tu juu yake. Programu ya akili unde tuliyokuwa tukiisifia wiki ile, ya kutafuta wanaofaa kushiriki utafiti wetu, ilikuwa imeshamtoa kwenye orodha kwa sababu "hana kumbukumbu za kutosha".

Uganda wagonjwa wengi hubeba kumbukumbu zao wenyewe kwenye daftari la dukani. Ukisahau hilo, mashine yoyote utakayoleta itawapata watu wale wale waliokuwa rahisi kupatikana tangu mwanzo. Kwa hiyo mwongozo huu, niliouandika kwa ajili ya waratibu, manesi wa utafiti, makarani wa data na wajumbe wa kamati za ushauri za jamii, unalirudia daftari hilo mara nyingi.

Kazi yenyewe ina uzito. Mwaka 1999 Uganda ilikuwa ya kwanza Afrika kuanza jaribio la chanjo ya VVU. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wanawake na wasichana 5,338, yalionyesha kwamba kati ya waliopewa sindano ya lenacapavir, dawa ya kuzuia VVU, mara mbili kwa mwaka hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwaka 2025, siku nne tu baada ya mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan kutangazwa Kampala, jaribio la chanjo lilikuwa limeanza, na lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Nyuma ya kila jibu la namna hiyo kuna watu waliokubali kutolewa damu, waliopanda boda kwenye mvua kuja kliniki, na nesi aliyewafuata walipopotea. Utafiti ukikosa watu wa kutosha hufungwa bila jibu, na wale waliokuwa wamejitolea wanakuwa wametoa damu yao bure. Hilo linaniuma kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii.

Akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, inaweza kukuondolea saa nyingi za kupekua karatasi. Shabaha iwe kwamba saa hizo zinarudi kwa mgonjwa: nesi anapata nafasi ya kukaa naye benchini na kumweleza. Mahali ambapo muda uliookolewa uligeuzwa kuwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, nimeona orodha ndefu za majina na viti vitupu siku ya kliniki.

Hatua ya 1: Jueni mnapoteza watu wapi

Kabla ya kununua chochote, kaeni na namba sita za miezi mitatu iliyopita: waliotajwa, waliofikiwa, waliokuja kliniki, waliofaa baada ya vipimo, walioridhia, waliobaki hadi mwisho. Ziandikeni ubaoni kwa kushuka. Mahali zinapoporomoka sana ndipo penye tatizo lenu.

Zikiporomoka kati ya "waliotajwa" na "waliofikiwa", huenda namba za simu ni za zamani. Zikiporomoka kati ya "waliofikiwa" na "waliokuja", karibu kila mara ni nauli, siku ya soko, siku ya mgao wa chakula, au mume hajaelezwa. Hapo hakuna programu ya kusaidia. Ongezeni nauli na mbadilishe siku. Akili unde ina maana kwenu ikiwa mnashindwa kuwatambua wanaofaa kwenye rundo la rejista, ikiwa lugha ni nyingi kuliko wakalimani, au ikiwa washiriki ni wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kumpigia kila mmoja kila wiki.

Hatua ya 2: Vibali kwanza, data baadaye

Utafiti wa dawa Uganda unapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), na Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA). Ukiongeza akili unde baada ya itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, kupitishwa, umebadilisha itifaki. Peleka marekebisho. Andika waziwazi mashine inafanya nini, inasoma nini, nani anakagua jibu lake, na data inakaa kwenye kompyuta ya nani.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, na inaweka masharti kabla ya data kupelekwa nje ya nchi. Kubandika maelezo ya mgonjwa kwenye programu ya maongezi ya mtandaoni ni kuyapeleka nje, hata kama umekaa Mbarara kwenye kiti chako. Taasisi inayokusanya data inatakiwa iwe imesajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Njia salama kwa kituo kidogo ni kutumia mfumo wa wazi wa akili unde, kama Llama au Gemma, unaopakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta ya ofisini bila intaneti. Utakuwa na uwezo mdogo kuliko ile mikubwa ya kulipia, lakini kwa kazi ya kusoma maelezo mafupi na kuyalinganisha na vigezo, unatosha kuanzia.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Kila ujumbe anaotumiwa mshiriki lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili. Programu inayojitungia majibu haiwezi kupitishwa, kwa kuwa hakuna anayejua kesho itasema nini. Suluhisho ni kuandaa majibu, tuseme 60, kwa kila lugha, yote yapitishwe, kisha kazi ya mashine iwe kuelewa swali na kuchagua jibu lipi litumwe. Likikosekana jibu linalofaa, swali liende kwa mtu.

Hatua ya 3: Andaeni kumbukumbu

Kliniki za VVU nyingi zina mfumo wa kompyuta wa UgandaEMR. Chumba cha wagonjwa wa nje mara nyingi bado ni rejista ya karatasi, na mengine yote yako kwenye daftari la mgonjwa. Maana yake ni kwamba ukiiachia mashine data ya kompyuta peke yake, itadhani watu wenye historia kamili ni wale wa kliniki ya VVU, na mwenye presha au kisukari ataonekana mtu asiyejulikana.

Tulichofanya ni hiki. Siku za kliniki tuliweka meza pembeni ya dawati la usajili. Kila aliyekuja na daftari aliombwa ruhusa, kwa maelezo na fomu iliyopitishwa, karani anakili vipimo vyake vya mwaka mmoja uliopita kwenye kishikwambi. Dakika kumi hivi kwa mtu. Tulijaribu kwanza kupiga picha kurasa na kuiachia programu isome mwandiko. "Presha 160/100" ilisomwa "160/700", na jina la kijiji likageuka jina la dawa. Kwa mwandiko wa kalamu ulioloa jasho, karani mwenye macho mazuri bado anaishinda mashine.

Kabla maelezo hayajasomwa na mfumo, ondoeni jina, namba ya simu, kijiji na namba ya kitambulisho. Weka namba ya siri mahali pake. Jedwali linalounganisha namba hiyo na jina likae kwenye kompyuta nyingine yenye nywila, na mtu wa data asiwe nalo.

Hatua ya 4: Vunjeni vigezo viwe maswali

Itifaki huandika kigezo kwa sentensi moja yenye mambo manne ndani. Mashine, kama mtu aliyechoka, hujibu moja na kuacha matatu. Chukueni mfano wa utafiti wa dawa ya presha: "Mtu mzima wa miaka 40 hadi 70 mwenye presha ya 140/90 au zaidi katika vipimo viwili, asiye mjamzito, asiye na ugonjwa wa figo, atakayeishi eneo hili kwa miezi 12." Hayo ni maswali sita: umri, kiwango cha presha, vipimo viwili, ujauzito, figo, makazi. Yaandikeni moja moja.

Maagizo kwa mfumo yanaweza kuwa hivi:

"Soma maelezo ya mgonjwa hapa chini. Kwa kila swali, jibu kwa neno moja kati ya matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Baada ya jibu, nakili maneno yale yale ya kwenye maelezo yaliyokufanya ujibu hivyo. Kama hakuna maneno ya kunakili, jibu ni haijulikani. Usikisie."

Neno "haijulikani" ndilo linalobeba kazi yote. Vituo vingi havina kipimo cha figo, kwa hiyo maelezo hayatasema lolote kuhusu figo. Mfumo ulioachiwa majibu mawili tu utaamua kwamba kimya ni "hapana" au kimya ni "ndiyo", na mara zote mbili utakuwa umekudanganya. Ukiwa na majibu matatu, mtu mwenye "ndiyo" tano na "haijulikani" moja anapelekwa kwa nesi, ambaye anajua kwamba kinachohitajika ni kipimo kimoja cha damu. Na kule kunakili maneno kunamwezesha nesi kukagua kwa sekunde chache badala ya kusoma faili lote upya.

Njia hii ya kigezo kimoja kimoja imepimwa. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha mfumo wao, TrialGPT, uliokuwa sahihi kwa asilimia 87.3 katika kiwango cha kigezo na kupunguza muda wa uchujaji kwa asilimia 42.6. Namba nzuri. Lakini ulipimwa kwa Kiingereza, kwa maelezo yaliyonyooka ya wagonjwa 183 wa kubuni. Wagonjwa wetu wanaandikwa nusu Kiingereza, nusu vifupisho vya nesi wa zamu, kwa hiyo usichukue asilimia ya wengine ukaitangaza kuwa yako. Pima ya kwako.

Hatua ya 5: Tafuteni walioachwa

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae sana.

Tuseme orodha yenu ina watu 1,200. Mfumo unasema 180 huenda wanafaa. Nesi anawakagua wote, anakuta 96 wanafaa kweli. Wengi huishia hapo, wanaandika ripoti kwamba zaidi ya nusu ya waliochaguliwa walikuwa sahihi, na wanafurahi. Lakini hamjauliza habari za wale 1,020 waliotupwa.

Chukueni 100 kati yao bila kuchagua. Changanyeni mafaili yao na yale 180 kabla nesi hajaanza, asijue lipi mashine ililikubali na lipi ililikataa. Akikuta 4 kati ya 100 wanafaa, maana yake ni kwamba katika wote 1,020 kuna takribani 41 walioachwa. Jumlisheni: 96 na 41 ni 137. Mfumo umepata watu 96 kati ya 137, yaani asilimia 70. Na kwa kuwa sampuli ni ndogo, idadi halisi ya walioachwa inaweza kuwa popote kati ya kama 11 na 101. Mkiwa na muda, kagueni 300 badala ya 100, picha itakaa sawa zaidi.

Kisha waangalieni wale wanne kwa namba zao za siri. Ni nani hawa? Kwetu walikuwa wanaume wawili wavuvi, bibi mmoja aliyehamia karibuni, na mkimbizi ambaye kumbukumbu zake zilikuwa za Kifaransa. Hakuna hata mmoja aliyeachwa kwa bahati mbaya. Wote waliachwa kwa sababu hawaji kituoni mara kwa mara au kwa sababu karatasi zao hazifanani na za wengine.

Kosa la aina hii lilitokea kwa ukubwa Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulionyesha mfumo uliotumia gharama za matibabu kama kipimo cha ugonjwa; kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, mfumo uliwaona wazima kuliko walivyokuwa. Kwetu mfumo unaotumia idadi ya mahudhurio kama dalili ya "mshiriki mwaminifu" utafanya jambo lile lile kwa mtu anayeishi kilomita 20 kutoka kituoni. Dawa yake ni kuamua mapema mnataka watu wangapi kutoka kila kijiji na kila mwalo, wanaume wangapi na wanawake wangapi, na kuwatuma wahudumu wa afya wa kijiji, ambao huku sote tunawaita VHT, wakatafute pale mashine ilipo kipofu.

Hatua ya 6: Lugha

Uganda ina lugha nyingi, na Kiswahili chenyewe si kimoja. Kiswahili cha Arua na Koboko, cha Wanubi wa Bombo, cha askari, cha Busia mpakani, na cha Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali vina ladha tofauti. Mifumo ya kutafsiri imefundishwa zaidi kwa Kiswahili cha habari na vitabu. Inaandika vizuri kiasi cha kukulaza usingizi, halafu inakutega kwenye neno moja.

Nitataja niliyokutana nayo. Kidonge kisicho na dawa, kile cha kulinganishia, kilitafsiriwa "dawa bandia". Msomaji yeyote wa Afrika Mashariki anajua dawa bandia ni zile za kughushi zinazokamatwa madukani. Hebu fikiria fomu ya ridhaa inayosema nusu yenu mtapewa dawa bandia! Tukaandika: "kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa". Kutoa damu kuliandikwa "kuchora damu". Neno la jaribio liligeuka "kesi", na mama mmoja aliuliza ameshtakiwa na nani. Kundi la utafiti likawa "mkono wa utafiti". Na kupangiwa kundi bila upendeleo kukawa "bahati nasibu", mchezo wa kuwania pesa. Kwa hilo la mwisho, VHT mmoja alitupa maneno yaliyotuokoa: "kama mnavyookota vikaratasi kwenye kikundi cha akiba, kujua nani anaanza kupokea". Kila mtu chini ya mwembe alielewa pale pale.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa "mganga". Kwa Kiswahili cha Kampala au Dar es Salaam, mganga mara nyingi ni wa kienyeji. Kwa Mkongo wa Bukavu, "munganga" ni daktari wa hospitali. Tulikuwa na swali la kuchuja lililosema: "Je, umetumia dawa za mganga katika miezi mitatu iliyopita?" Wakongo walijibu ndiyo kwa moyo mweupe, wakimaanisha vidonge vya hospitali, na mfumo ukawaondoa mmoja baada ya mwingine. Hatukuona hadi nesi aliyezaliwa Uvira aliposhangaa mbona watu wa kwao wote hawafai.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mashine iandike rasimu; mzungumzaji wa lugha hiyo kutoka eneo hilo hilo airekebishe; mtu mwingine ambaye hajaona ya Kiingereza aitafsiri kurudi nyuma; kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu watano ambao si wafanyakazi wa afya, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mkusanye makosa kwenye jedwali la istilahi, nalo lilishwe kwenye mfumo kila mara. Kwa Luganda, Kiacholi, Kirunyankole, Kiateso na Kilugbara, Sunbird AI ya Kampala imetengeneza mifumo ya kutafsiri iliyofundishwa kwa lugha hizo. Anzeni kuijaribu hiyo kabla ya ile ya kimataifa.

Fomu ya ridhaa isomwe na mtu. Mashine inaweza kusaidia kurahisisha sentensi na kuandaa sauti ya kusikiliza nyumbani, lakini ridhaa inachukuliwa uso kwa uso, na kwa asiyejua kusoma awepo shahidi asiye na upande, kisha dole gumba. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 7: Mgusano wa kwanza

Mfumo ukishatoa orodha, kishawishi ni kuwatumia wote ujumbe mara moja. Usifanye hivyo. Simu nyingi ni za nyumba nzima. Anayesoma meseji anaweza kuwa mume, mtoto au mwenye kibanda cha kuchaji. Meseji isitaje ugonjwa, dawa, wala neno utafiti. Tulitumia: "Habari. Hapa ni kituo cha afya. Nesi anaomba uongee naye siku ya kliniki au piga namba hii, hutatozwa." Na anayewasiliana wa kwanza awe yule anayemtibu, ambaye ana haki ya kujua hali yake. Mgeni kutoka Kampala anayejua presha yako kabla hujamwambia anatisha.

Hofu ya damu ina mizizi mirefu. Tangu zama za ukoloni, kuanzia Kampala hadi Nairobi, watu walisimulia habari za wazimamoto wanaokamata watu na kuwanyonya damu, na wazee wetu bado wanalikumbuka jina hilo. Mtu anayeuliza damu yake inakwenda wapi anastahili jibu kamili: mililita ngapi, sawa na vijiko vingapi, inapimwa nini, inahifadhiwa wapi, inaharibiwa lini. Sasa hivi ongezeni na swali jipya: "Kompyuta imenijuaje?" Semeni ukweli kwamba kumbukumbu za kituo zilisomwa na programu bila majina, na kwamba anaweza kukataa zisisomwe tena. Mjadili hilo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), viongozi wa dini na kamati ya ushauri ya jamii kabla programu haijawashwa. Tulipofanya mkutano huo, swali la kwanza la wazee halikuwa juu ya mashine hata kidogo. Waliuliza: matokeo mtatuletea, au mtaondoka nayo kama wale wa mwaka jana?

Hatua ya 8: Kubaki nao

Mfano ninaoupenda hauna hata akili unde ndani yake. Kenya, katika utafiti wa WelTel uliochapishwa mwaka 2010 kwenye The Lancet, watu 538 walioanza dawa za VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Mtu alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Walioripoti kutumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi lisilopata ujumbe. Neno moja la mtaani, na mtu upande wa pili anayejali.

Akili unde inaingia pale majibu yanapokuwa mengi na hayafanani. Mtu haandiki "Sawa" tu. Anaandika "muzuri", "niko poa", "bulungi", "bien", au "sawa ila kichwa". Hilo la mwisho ndilo la hatari: linaanza na sawa. Fundisheni mfumo kutambua madaraja matatu tu: salama, anahitaji kupigiwa leo, dharura. Mkusanye maneno halisi ya dharura kutoka kwa manesi, si kutoka kamusini: "nazimia", "macho yanaona giza", "mtoto hachezi tumboni". Ujumbe wowote wenye shaka upande daraja la juu, kamwe usishuke. Na kuwe na jina la mtu wa zamu, mwenye simu yenye chaji, usiku na Jumapili. Bila mtu huyo, zimeni mfumo.

Asiyesoma apigiwe simu ya sauti iliyorekodiwa na mtu wa kwao, akibonyeza 1 kwa sawa na 2 kwa shida. Msiwategemee wenye intaneti; bando linagharimu.

Kuhusu mifumo ya kutabiri nani ataacha: kwa utafiti wa watu 300, msijisumbue. Data hiyo ni ndogo mno kwa mashine kujifunza kitu ambacho nesi hajui. Sheria nne za kawaida zinatosha: amekosa tarehe moja, namba haipatikani wiki mbili, amehama kijiji, ni msimu wa kupanda. Mkiwa na maelfu na mkaamua kutabiri, alama hiyo itumike kuongeza msaada. Isitumike hata siku moja kumkataa mtu asiingie kwenye utafiti.

Nauli irudishwe siku hiyo hiyo. Mkituma kwa pesa za simu, ongezeni gharama ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya serikali kwenye kutoa, la sivyo mtu aliyeahidiwa shilingi 20,000 atatia mkononi pungufu, na atakumbuka pungufu hilo kuliko ahadi. Kiwango kipitishwe na kamati ya maadili, kisiwe kikubwa kiasi cha mtu kuuza hiari yake.

Hatua ya 9: Kagueni kila wiki

Kila Ijumaa, muda wa saa moja unatosha. Mkae mratibu, nesi, karani wa data na mjumbe mmoja wa jamii. Angalieni namba sita za hatua ya kwanza kwa kila kijiji na jinsia. Someni majibu kumi ya mfumo pamoja na maneno uliyonakili. Someni meseji tano ulizoziita salama. Andikeni kila kosa na tarehe yake, pamoja na toleo la programu, kwa sababu ikisasishwa usiku mmoja inaweza kuanza kujibu tofauti, nanyi mtahitaji kurudia jaribio la watu 100. Kosa lolote lililomgusa mshiriki linakwenda kwenye kamati ya maadili kama kosa lingine lolote la utafiti.

Utafiti ukiisha, andaeni matokeo kwa sauti ya dakika tatu katika kila lugha mliyotumia, na mrudi kuyasoma chini ya mwembe ule ule. Hapo rasimu za mashine zinasaidia sana, kwani jedwali lenu la istilahi sasa limejaa.

Yule mama wa daftari tulimrudisha kwenye orodha. Alifaa, aliuliza maswali karibu nusu saa, akaridhia. Tangu siku hiyo kituoni kwetu nesi anapomaliza kupima, anaandika kwanza kwenye daftari la mgonjwa, kwa mkono, kwa herufi zinazosomeka: tarehe, presha, tarehe ya kurudi, namba ya simu ya zamu. Kishikwambi kinafuata.